Mivukuto

Kompresa niliikuta Kasumbalesa
imefungwa guniani kama kuku wa wizi,
imechomolewa kwenye mzoga wa gari la Kijerumani
lililobingirika hatua chache kabla ya mpaka.
Dola mia mbili na themanini. Muuzaji akala kiapo
kwa kaburi la mama yake, kisha simu ikalia:
mama yake. Tukamalizana kwa mia mbili na kumi.

Nyumbani Katuba, chini ya mabati,
Pijo 404 ya baba ilinisubiri mdomo wazi,
boneti juu, betri chini,
kuku wa jirani akitaga kwenye kiti cha nyuma.
Baba aliinunua mwaka sitini na sita
kwa makato ya mshahara, na sarafu ikabadilishwa jina
kabla deni halijaisha.
Siku hizi, njia ya Likasi ikiinuka kidogo tu,
inatweta, inaomba gia ya pili.
Mji wetu uko juu, hewa yake nyepesi:
injini inapewa nusu sahani
na kudaiwa kazi ya siku nzima.

Fundi Numbi alicheka hadi akakaa juu ya tairi.
Halafu akanawa mikono, akaomba kalamu.
Bamba tulilikata kwenye chuma cha reli,
puli ilikerezwa kwa Kyoni, aliyetudai hadi leo,
mkanda ulitoka kwenye kinu cha mahindi
na bado ulinukia unga.

Jumapili tukawasha.
Ikapiga mluzi mwembamba,
wa birika lililosahaulika motoni.
Barabara ya Kipushi ikaanza kurudi nyuma kwa fujo,
tukaipita Hailaksi ya watu wa mgodi,
Numbi akitukana kwa furaha lugha tatu
kilomita nne.
Ya tano ilikuwa moshi mweupe.
Gasketi imepasuka. Tulirudi tukisukumwa
na wanafunzi saba, kwa malipo ya mikate saba.

Jioni baba akaja na kiti chake.
Masikio yake yalibaki kiwandani, kwenye tanuru,
kwa hiyo hakuuliza, wala hakusikia nikijieleza.
Akaweka kiganja juu ya kompresa.
Akaizungusha puli taratibu kwa kidole gumba.
“Njo ile,” akasema.
Ile ipi, baba?
“Njo ile.”

Miaka thelathini na moja alilinda mashine
iliyolipulizia tanuru la shaba:
mapacha wawili wa chuma ndani ya chungu,
wanazunguka wakikwepana, hawagusani,
na hewa haina pa kupita ila mbele.
Sikuwahi kujua. Nilijua alikuwa “kiwandani”.
Na babu yake, akasema, akitazama kucha zake,
alivukuta mivukuto ya ngozi ya swala
kwenye tanuru la udongo wa kichuguu,
kabla ya reli, kabla ya wao.
“Weye unapuliza sana.
Shaba ingekuwa imekumwagikia miguu.”

Akachora mavumbini puli kubwa kama sahani.
Tukamtii. Gari likalala kama zamani, bila mluzi,
na Numbi akatazama pembeni kwa adabu.
Baba akafuta mchoro kwa kandambili,
akachora tena, kidogo kuliko sahani,
kikubwa kuliko kikombe,
bila kuomba radhi.

Alhamisi alikaa mbele, kiganja kwenye dashibodi.
Tulipita bomba refu la kiwanda lisilotoa moshi,
tukapita mlima mweusi wa makapi,
kazi yake yote imelundikwa pale, haiyeyuki.
Mluzi ulianza. Hakuusikia.
Lakini nilimwona akivuta pumzi,
akajaza mashavu, akayashikilia
mpaka kilele cha mlima,
kama mtu anayesaidia.

Yai tulilikuta kesho yake, chini ya kiti.
Zima.